Maji Yaliyoona Jua

Nimeshakabidhi funguo, koti jeupe na ile kalamu isiyofutika kwa maji, ya kuandikia juu ya chupa. Kalamu nilitamani kubaki nayo, lakini ilikuwa kwenye orodha ya vifaa vya ofisi, nami nimewahubiria ninyi miaka yote kwamba kilichoandikwa kinarudishwa. Siku ya kuniaga, Penina wa chumba cha mizani aliniambia, "Mzee, tuandikie basi ulivyoanza, maana ukiondoka tutabaki na vitabu tu." Hii ni wiki ya tatu niko nyumbani Biharamulo, mikono haina kazi, na kila asubuhi macho yanafunguka saa ile ile ya kwenda kuwasha mashine. Kwa hiyo naandika. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili langu, zimegongwa mihuri yote.

Nilipoanza, maabara ilikuwa vyumba viwili vya nyumba ya kupanga upande wa Nyamiaga, kabla hujaingia Ngara mjini. Chumba cha kwanza kilikuwa na sinki, meza ya mninga na friji la mafuta ya taa. Cha pili kilikuwa na mashine moja tu, imefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa msalaba mdogo pembeni. Nadhani kitambaa kile kiliwahi kuwa cha kanisani, sikuuliza. Mkuu wa maabara alikuwa Mama Devota, Mhangaza mfupi mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akivaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na kuitafuta yote.

Hakuangalia vyeti vyangu. Alinipa chupa moja, akaniambia nikaioshe. Nikaiosha, nikamletea. Akaielekeza dirishani, akaitazama, akanirudishia.

"Bado ina mikono yako ndani," akasema.

Siku nzima niliosha chupa ile moja. Jioni ndipo alipoiweka mezani, hakunirudishia tena, nami nikatoka nje nikihisi nimefaulu mtihani mkubwa kuliko wote wa chuoni.

Mashine ya chumba cha pili ndiyo babu wa hizi zenu. Unamimina maji kwenye kikasha kidogo cha kioo, unakiweka ndani, mwanga unaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, na mshale unakuonyesha kiasi gani kimetoka. Mama Devota alinifundisha kwa sentensi moja: "Mwanga ulioingia usipotoka, kuna aliyeula. Kazi yetu ni kumjua." Siku nyingine alinionyesha kichupa cha dawa ya magugu, manjano ya kukolea kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Akasema kila kitu chenye rangi kinakula mwanga, ndiyo maana kina rangi; na kilichokula mwanga hakiwezi kutulia.

"Molekuli iliyopigwa na jua," alisema, "ni mtu aliyewekewa kaa la moto kiganjani. Atafanya nini?"

"Atalitupa, Mama."

"Anaweza kulitupa. Hapo mwanga unarudi nje, umefifia. Anaweza kutikisatikisa mkono mpaka lipoe. Maji yanapata joto kidogo, habari inaisha. Anaweza kumpa jirani. Na je, akikosa nafasi ya yote hayo?"

"Ataungua."

"Ataungua. Atavunjika. Na akishavunjika, si yule tena."

Nilicheka, nikaona ni maneno ya kufurahisha wanafunzi. Yote hayo kwa molekuli hutokea kwa muda mfupi kuliko wa kope kufumba. Mimi ilinichukua miaka minne kuyaelewa, na aliyelipia masomo yangu alikuwa mama mmoja wa Nyakisasa.

Bibi Kresensia alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa mtelemkoni, migomba mbele, na chini ya migomba chemchemi ambayo marehemu mumewe, Mzee Laurenti, aliijengea mdomo wa mawe mwaka waliooana. Alipanda na mikuyu minne kuizunguka. Nilipoiona mara ya kwanza, matawi yalikuwa yameshikana juu kama dari, chini kuna giza la kijani hata saa sita mchana, na maji yanatoka taratibu kwenye mawe, baridi, bila kelele. Kaya kumi na kitu zilichota pale. Ilikuwa chemchemi yake na ya kila mtu.

Juu ya kilima, mbali kidogo, palikuwa na ghala la zamani la dawa za kilimo, limebaki bila mwenyewe. Paa liliezuliwa na upepo, mvua ikanyesha ndani, na watu wakaanza kusema maji yana uchungu. Barua ikaja ofisini. Mama Devota akanituma.

Chupa za kahawia, zile zinazozuia mwanga, zilikuwa zimekwenda zote Biharamulo kwa kazi nyingine. Akanipa chupa nyeupe nne, akazifunga moja moja kwa majani makavu ya mgomba, akakaza kwa kamba yake yenyewe, akasema, "Zisione jua." Hakusema kwa nini. Alidhani najua. Mimi nilidhani ni mapenzi ya mtu wa makamo kwa majani ya mgomba.

Nikachota vizuri, kama nilivyofundishwa. Nilipopanda uwanjani kuaga, nikamkuta balozi wa nyumba kumi, Mzee Sabasi, amekaa na wazee wawili.

"Bwana Maji," akaniita. "Hivyo ulivyofunga ni nini?"

"Ni maji, Mzee. Ya kupima."

"Sisi hapa mtu hatoki na kitu cha chemchemini amekifunga. Hata bibi harusi akichota, chombo kinakuwa wazi, watu waone ni maji na si kitu kingine. Fungua, mwanangu. Si kwamba tunakushuku."

"Tunamshuku," akasema mzee mwingine, na wote wakacheka.

Ningefanyaje? Nilikuwa kijana, mgeni, nataka waniamini. Nikafungua majani. Nikazipanga chupa zangu juu ya kinu kilichopinduliwa, katikati ya uwanja, kila mtu azione. Zilimeremeta. Bibi Kresensia akaleta ndizi na maharage, akaleta pombe ya rubisi kwenye kibuyu, na pale kwa watu huondoki ukiwa umeonjaonja tu. Nilikaa toka saa nne mpaka saa saba. Nilipotaka kuzifunga tena, majani yalikuwa yameshaenda jikoni kuwashia moto. Nikazifunga kwenye kerea ya pikipiki zikiwa uchi, jua la kiangazi likanisindikiza mpaka Nyamiaga. Mama Devota alikuwa amesafiri. Chupa zikaenda maabara kubwa ya kanda kwa basi, na karatasi ikarudi: dawa haikuonekana.

Nilizipeleka habari mwenyewe, kwa furaha. Bibi Kresensia alinipokea mikono yote miwili.

"Kwa hiyo ninywe?"

"Kunywa, Bibi."

Maneno mawili. Nimeandika ripoti nyingi maishani, zingine za kurasa nyingi, na hakuna nililotamani kulifuta kama hayo mawili.

Haikupita miezi mingi akaja mwanamke maabara, kabeba dumu dogo la njano. Alikuwa amevaa kitenge cha safari, vumbi mpaka magotini.

"Wewe ndiye Bwana Maji?"

"Ndimi. Karibu."

"Mimi ni Mama Editha, mtoto wa Kresensia wa Nyakisasa. Nimeolewa Biharamulo, Nyabusozi. Nimekwenda kumsalimia mama nimemkuta mikono inachubuka, hali chakula, mbuzi wake wawili wametupa mimba. Nikamwambia acha hayo maji. Akasema Bwana Maji kasema ni mazuri." Akafungua dumu, akachukua kikombe changu cha chai mezani, akamimina, akaniwekea mkononi. "Basi kunywa."

Nilikishika. Nakumbuka uzito wake. Sikunywa.

"Ahaa," akasema.

Mama Devota alikuwa mlangoni, ameyasikia yote. Alikuja akakichukua kikombe polepole, akakiweka mezani, akamwambia Mama Editha, "Dada, tusamehe, kaa." Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Chupa zilikaa wapi?"

Nikamweleza. Kinu, ndizi, rubisi, majani yaliyowashia moto. Nilipofika kwenye kerea ya pikipiki nilikuwa nimeshaelewa. Dawa ile ya magugu, ya manjano, iliyoshuka na mvua toka ghalani, ilikuwemo ndani ya chupa zangu nilipochota. Ilikuwa imekaa gizani ardhini, gizani chini ya mikuyu, haijasumbuliwa na mtu. Mimi ndiye niliyeitoa juani. Ikala mwanga kwa saa tatu uwanjani na saa nyingine barabarani, ikaungua, na nilichopeleka maabara ya kanda kilikuwa maji ambayo hakuna mtu wa Nyakisasa aliyekuwa akiyanywa. Wao walikunywa ya kivulini.

Tulirudi wote wawili, na chupa za kahawia. Safari hii karatasi ilisema kweli. Tukaenda uwanjani kwa Bibi Kresensia, watu wakaitwa, na Mama Devota akaniachia nizungumze mwenyewe. Nilisema nimekosea, nikaeleza nilivyokosea. Mzee Sabasi akakohoa.

"Kwa hiyo jua ndilo lililokunywa sumu yetu, likakuachia wewe maji?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kumbe dawa ipo! Tuianike chemchemi yote kama muhogo."

Uwanja mzima ukacheka, kicheko cha kunipiga, nami nikakistahili. Mama Devota hakucheka. Alishusha miwani ya kichwani, akatoa daftari, akaandika.

Chemchemi ikafungwa siku ile. Udongo wa ghalani ulikuja kuchimbwa na kupelekwa kuteketezwa, ikachukua muda kama mambo yote ya barua. Kaya nyingine zilihamia kuchota mtoni ng'ambo ya bonde. Miguu ya Bibi Kresensia haikuliweza bonde. Mama Editha akamchukua Nyabusozi. Nilikuwepo alipofunga mlango. Alizunguka nyuma ya nyumba, lilipo kaburi la Mzee Laurenti, akakaa huko kidogo, kisha akapita mbele yangu akanishika bega.

"Utayaangalia maji yangu?"

"Nitayaangalia, Bibi."

"Yakipona uniambie. Sitaki kufa nakunywa ya kwa watu."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa maishani. Nyingine zote nilipangiwa.

Sasa niwaambie jinsi tulivyofanya, maana hili halimo kitabuni kwenu. Mama Devota alipanga chupa tatu juu ya bati la maabara. Zote zilikuwa na maji ya chemchemi yenye sumu. Ya kwanza ilikuwa wazi. Ya pili tuliizungushia karatasi ya pakiti za majani ya chai, ile ya kung'aa. Ya tatu tuliichanganya na maji ya kinamasi, yale ya kahawia yaliyolala na majani yaliyooza. Nilipanda ngazi kila saa na bomba la sindano, nikateka kidogo kidogo. Ya kwanza, kufikia jioni sumu ilikuwa imekwisha. Ya pili haikupungua. Ya tatu ilipungua, lakini kwa uvivu, kwa sababu ile rangi ya kahawia ilikuwa inakula mwanga kabla haujaifikia sumu. Nikaandika: kinamasi ni kivuli. Nikaona nimemaliza.

Tukaamua kuianika chemchemi kweli, kama Mzee Sabasi alivyodhihaki. Maji yatoke kwenye mawe, yaingie kwenye kidimbwi cha saruji, kina kisifike gotini ili mwanga uguse chini, yakae humo siku mbili tatu ndipo yaende. Ila kulikuwa na mikuyu minne. Chini ya dari ile jua lisingefika.

Nilikwenda Nyabusozi kuomba ruhusa. Bibi Kresensia alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla sijakaa, "Maji yangu yanasemaje?"

"Bado yanaumwa, Bibi. Tunataka kuyatoa juani. Lakini mikuyu inaziba."

Mkono ukasimama juu ya maharage. Mama Editha akachungulia kutoka jikoni, akarudi ndani.

"Laurenti aliipanda matawi tu, ya kuchomeka," akasema. "Nikamwambia hayatashika. Akasema wewe ngoja. Kila jioni anayamwagilia anaimba. Sauti yenyewe mbaya." Akatupa ganda moja, lingine, lingine. "Bila kuikata, nitarudi?"

"Sijui, Bibi."

"Ukiikata?"

"Labda."

"Kata. Usiniambie siku."

Tuliikata. Mwanga ulianguka pale chini kwa mara ya kwanza tangu Mzee Laurenti akiwa hai, na mawe yalionekana madogo, kama watu waliovuliwa nguo mbele za wageni.

Kiangazi hicho karatasi ya maabara ya kanda ilisema kidimbwini dawa haionekani. Nilivaa koti la pikipiki. Nilikuwa nimeshafika Nyabusozi moyoni, nimeshasema "Bibi, funga mizigo."

"Zima pikipiki," akasema Mama Devota.

"Mama, imekwisha."

"Umemtafuta mama. Watoto umewatafuta?"

Alikuwa ameandika barua kwa mwenzake wa kanda, kumwomba asitafute jina la dawa ile peke yake, bali aonyeshe kila kilele kilichosimama kwenye mchoro wa mashine yao, ambapo kila kitu kilichomo majini huinua kilele chake. Kilele cha dawa kweli kilikuwa kimelala chini. Pembeni yake vilikuwa vimesimama viwili vipya. Mnakumbuka: akivunjika si yule tena. Lakini ni nani sasa? Sumu ikivunjwa na jua inaacha vipande, na vipande vingine havidhuru kitu, vingine ni vibaya sawa na mama yao, vingine hakuna ajuaye. Tena hivi viwili havikuwa na rangi. Havikula mwanga, kwa hiyo jua lilivipita bila kuvigusa. Vingekaa kidimbwini mpaka tuzeeke.

Nilikasirika. Nilimwambia Mama Devota kwamba kule Nyabusozi kuna mtu anahesabu siku, na sisi tunahesabu vilele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulishamwambia 'kunywa' mara moja," akasema.

Nikavua koti.

Jibu lilikuwa juu ya bati muda wote, kwenye chupa ile ya tatu niliyoidharau. Tulipoyapima upya maji yake yaliyokaa juani tangu siku ile, vilele vile viwili vilikuwa vimepungua sana. Kwenye chupa ya maji meupe vilikuwa vimesimama vile vile. Mama Devota alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi mapajani, miwani yote miwili kichwani.

"Anampa jirani," akasema polepole. "Kinamasi kinapokea kaa la moto, kinampa jirani. Na jirani aliye kila mahali majini ni nani?"

"Hewa. Oksijeni."

"Oksijeni ikipewa kaa hilo inakuwa kali, inauma chochote kilicho karibu, hata kisichokula mwanga. Haidumu, lakini inauma." Akacheka kama msichana. "Wewe uliandika kinamasi ni kivuli. Kweli ni kivuli. Na ni mkono pia."

Tukachimba mfereji, tukaruhusu maji kidogo ya kinamasi yapite kidimbwini. Kidogo tu: yakizidi yanaziba mwanga, yakipungua hakuna wa kuupokea. Tulikosea kipimo misimu miwili kabla hatujakipata. Mvua zikija, mawingu yakikaa wiki nzima juu ya Ngara, kazi inasimama. Jua likirudi, inaendelea. Miaka sita. Kila nilipopita Biharamulo kwa kazi nilikata kona kwenda Nyabusozi, na kila mara swali lilikuwa lile lile, na jibu langu lile lile kwa maneno tofauti. Maji ya kisima cha pampu kule yana ladha ya chuma. Alikuwa akiyanywa amefumba macho.

"Bwana Maji," aliniambia safari moja, "jana nimeota nachota. Nimeamka mkono umekunjwa hivi, kama umeshika kata."

Mama Devota alistaafu mwaka wa tano, akahamia kwa mwanawe Karagwe. Siku ya mwisho alinifundisha jambo moja tu: nisimpimie Bibi maji ya kidimbwini, nimpimie yanayotoka kwenye mawe, kabla hayajaona jua, chupa ikiwa imefungwa. "Ya juani tunayaosha sisi. Akirudi nyumbani anataka yaliyo safi yenyewe." Nilimkumbuka kila nilipofungua dirisha kuangalia chupa. Namkumbuka hata leo, ninapotafuta miwani.

Ghala lilikuwa limeondoka, mvua zilikuwa zimeiosha ardhi, na msimu baada ya msimu kilichotoka kwenye mawe kilipungua. Sikuamini karatasi ya kwanza. Wala ya pili. Ya tatu ilipokuja, mchoro umelala kama ziwa lisilo na upepo, mama hayupo na watoto hawapo, niliomba gari la ofisi nikaenda Nyabusozi.

Nilimkuta uwanjani. Alikuwa amepungua sana, sikio la kushoto halisikii. Nikamwamkia kwa sauti. Hakuuliza swali lake. Aliniangalia usoni, akamwita Mama Editha, "Niletee kitenge changu kizuri."

Tukapanda gari, yeye, mimi na Mama Editha. Nyakisasa watu walikuwa wanamsubiri. Mzee Sabasi, naye anatembelea fimbo sasa, akapiga kelele, "Karibu nyumbani, Mama wa muhogo uliokauka!" Bibi akamtukana kwa Kihangaza, tusi la heshima, watu wakafurahi. Tukateremka naye, mimi mkono mmoja, Mama Editha mwingine. Nikakinga kata kwenye mawe, nikampa. Akanywa. Akashika maji mdomoni. Akameza.

"Ni safi?"

"Ni safi, Bibi. Nimeyapima mara tatu."

"Nakuamini." Akanirudishia kata. "Lakini siyo haya."

Nikauliza yana uchungu, yana harufu? Akatikisa kichwa.

"Amazi yanje, maji yangu, yalikuwa yanang'ata meno. Haya ni vuguvugu. Ni maji ya mtu yeyote."

Nilitazama juu. Kulikuwa na anga tupu. Nilikuwa nimelitafuta jua kwa ajili yake miaka sita, nimekata kivuli chake, nikalipata. Jua halikuchagua. Lilichukua sumu, likachukua na ubaridi.

Bibi Kresensia alirudi kukaa nyumbani kwake, na alikunywa maji yale kila siku, akilalamika kila siku. Mwezi ule ule tulichomeka matawi manne ya mkuyu mahali pa yale ya zamani. Sumu haikuwepo tena ya kuunguzwa. Kivuli hakingedhuru kitu. Alinisimamia. "Hapo unachomeka fimbo ya kutembelea," aliniambia, "chimba." Aliyamwagilia kwa kata ile ile. Yalikuwa yamefika kiunoni mwake alipofariki, na walimzika juu pale, kando ya mumewe.

Kazi iliendelea, nilipima visima na mito mingi baada ya hapo, na mashine mpya zikaja, nanyi mkaja. Siku nne baada ya kuwakabidhi funguo nilipanda basi kwenda Nyakisasa. Sikuwa na chupa, sikuwa na fomu. Matawi ya mikuyu yalikuwa yameshikana. Chini kulikuwa na giza lile la kijani. Nilikinga viganja, nikanywa, na meno yakaniuma mpaka machozi yakanitoka.

Nilitaka kumwambia mtu. Nikampigia simu Mama Editha.

"Niko chemchemini," nikasema. "Yameanza kung'ata."

Nilisikia kuku wa Nyabusozi wakilia nyuma yake.

"Basi panda juu ukamwambie," akasema. "Mimi siwezi, nitalia. Na useme kwa sauti, unajua lile sikio lake."

Nikapita katikati ya migomba mpaka kwenye makaburi mawili. Nikavua kofia, nikasimama upande wa kulia.

"Shikamoo, Bibi," nikasema, nikasubiri.